Barabara Iliyokuwa Mfereji

Niseme mwenyewe kabla hamjanisemea: ndiyo, yule mama wa kwenye ile video, mwenye gauni la kitenge lenye mabega yaliyotuna, aliyevua viatu vya visigino akachimba mfereji mbele ya watu waliokuja kununua viwanja, ni mimi. Mama Eliamini wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Same. Aibu nimeiona, nimeimaliza yote, haikubaki hata ya kumgawia jirani, kwa hiyo mkinicheka sasa hivi mnajichosha bure. Lakini ile video ni ya dakika mbili, na waliorekodi walianza pale matope yaliponifika magotini, hawakurekodi nilifikaje kwenye matope, kwa hiyo leo nasimulia mimi na ninyi mtanivumilia.

Ukiuza saruji na mabati miaka kumi na saba unazoea swali moja. Mtu anauliza bei ya misumari, anauliza bei ya nondo, halafu anaegemea kaunta na kusema, "Mama Eliamini, hujasikia kiwanja mahali?" Nikawa najibu sijasikia, sijasikia, mpaka siku moja nikajiuliza kwa nini nisiwe mimi mwenye hivyo viwanja. Basi Septemba, kiangazi kimekolea, nikanunua shamba la ekari tatu njia ya kwenda Kisiwani, chini ya mlima, kutoka kwa ndugu wawili waliokuwa wanahamia Morogoro. Udongo mwekundu, mteremko mdogo, lami si mbali. Nilisimama katikati ya lile shamba mikono kiunoni nikajiona mwekezaji (na nilijiita hivyo kwa sauti, nikiwa peke yangu, Mungu anisamehe).

Wa kwanza kumwambia alikuwa Zuhura. Zuhura ni fundi cherehani wa nyuma ya soko, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunauza vitumbua pamoja stendi, kabla yeye hajapata cherehani na mimi sijapata duka. Ni mjane, amelea watoto watatu kwenye chumba kimoja cha kupanga, amehama mara sita, na mwaka ule mwenye nyumba alikuwa amemwambia ifikapo Desemba atoke maana pale panavunjwa zijengwe fremu za maduka. Alikuwa na hamu moja tu duniani: nyumba ambayo hakuna mtu atakayemgongea mlango kumwambia ahame. Mimi nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, "Zuhura, kiwanja namba nne ni chako. Nenda kaanze kufyatua matofali." Wakati huo hata kiwanja namba moja kilikuwa hakipo. Lilikuwapo shamba la mtu aliyevuna mahindi akaondoka.

Sasa kosa lenyewe. Lilikuwa kosa la siku mbili tu. Nilikwenda ofisi ya ardhi Jumanne, nikaambiwa afisa mipango miji yuko saiti, nirudi Alhamisi, na nikirudi nije na barua ya kijiji, kwa sababu lile ni shamba la kilimo, haliwi makazi kwa kuwa mimi nimependa, kwanza matumizi yabadilishwe, kisha ichorwe michoro, michoro ipitishwe, halafu ndiyo aje mpimaji na bikoni zake, zile nguzo za mipaka. Nilimsikiliza yule wa kaunta mpaka mwisho nikasema asante, nikatoka nje, nikaangalia saa, nikasema Alhamisi! Mimi na Alhamisi wapi na wapi! Marehemu baba yangu kule Mhezi aligawa shamba lake kwa watoto sita asubuhi moja, kabla ya chai, kwa kamba na masale, na mpaka leo hakuna aliyempeleka mwenzake barazani. (Kwa wasio wa kwetu: isale ni ule mmea wa majani marefu unaosimama mipakani huku milimani. Unakata kijiti, unachomeka, kinaota, na kikishaota Mpare hahitaji ukuta.) Nikajiambia kama masale yalimtosha baba, yatanitosha na mimi. Alhamisi sikwenda.

Na masale nilikuwa nayo, tena mengi. Shambani pale kulikuwa na mistari miwili ya masale makubwa, ya zamani, imeshuka kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, na katikati yake pameingia ndani kidogo, pamejaa majani makavu, upana wa kutosha gari. Nilimpigia simu mmoja wa wale ndugu nikamwuliza haya masale ni ya nini. Akasema, "Hayo ni ya wazee, mama, ya zamani sana." Mimi nikasikia zamani, nikafurahi, kwangu kitu cha zamani maana yake hakina mwenyewe. Nikaamua ni mpaka wa kati ya ndugu hawa wawili, na kwa kuwa nimenunua pande zote mbili, mpaka umekufa. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mpaka gani wa watu wawili una mistari miwili. Mimi nilichojiuliza ni hiyo barabara niipe jina gani, maana niliona pale katikati pamenyooka, pametengenezwa, barabara ya bure kabisa.

Msiniulize Mpare gani huyo asiyejua mfereji. Nilitoka Mhezi nikiwa na miaka tisa, na mfereji wa kwetu niliouruka na kuuchezea ulikuwa na maji. Mfereji mkavu, wa tambarare, umelala unasubiri msimu, nilikuwa sijawahi kuuona, na huo ndio utetezi wangu pekee, upokeeni ulivyo.

Vibarua wawili, siku tatu. Wakang'oa masale yote, wakayakata vijiti, tukavuta kamba, wakachomeka kijiti kila kona ya viwanja kumi na vinne, kisha wakafukia pale kati wakashindilia vizuri. Nikawaambia, na hili baadaye sikulificha hata kwenye mkutano wa kijiji, "Mkiulizwa na mtu, semeni kibali kipo." Kichwani mwangu hakikuwa uongo. Kilikuwa kibali kilichochelewa kidogo. Mwisho nikaweka kibao cha rangi ya bluu, maandishi meupe: BARABARA YA MAMA ELIAMINI. Kumbukeni hicho kibao nilikilipia mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Zuhura naye alikuwa hajalala. Kila jioni akifunga cherehani anapanda bodaboda na binti yake mkubwa wanakwenda kufyatua, na baada ya wiki tatu kiwanja namba nne, kile cha kandokando ya barabara yangu, kilikuwa na matofali elfu moja na mia nane yamepangwa yanakauka, mabichi, yakisubiri kuchomwa. Alikuwa ananiambia idadi kila siku akipita dukani, kama mtu anayekuhesabia wajukuu.

Jumamosi ya uzinduzi nilikodi turubai, viti vya plastiki mia moja, spika mbili, jenereta na mshereheshaji mwenye suti ya kung'aa. Gari la matangazo lilizunguka siku tatu. Watu walikuja, tena watu wa maana, wa Same, wa Mwanga, na baba mmoja kutoka Dar mwenye miwani ya jua ambaye kila kitu alikigonga kwa kidole kuona kama ni kigumu. Pilau linanukia. Mshereheshaji anatembeza watu, "Kiwanja namba saba, ndugu wananchi, kona ya dhahabu!" na mimi nyuma yake natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Ndipo pembe ikalia mlimani. Moja, ndefu, halafu tena. Mshereheshaji akadaka, "Hata mlima unatushangilia!" Yule baba wa Dar akaniuliza ni nini hiyo. Nikamjibu ni harusi. Sasa sikilizeni, hapo nilidanganya huku najua, maana ile sauti hata ningekuwa usingizini ningeijua: ni pembe ya msaragambo, inaita kila kaya itoke na jembe kwa kazi ya kijiji, na kazi ya mwezi ule haiwi nyingine ila kusafisha mifereji na kufungua ndiva, lile bwawa la juu wanalokusanyia maji ya kumwagilia. Kitu kilinigusa moyoni. Nikakinyamazisha, nikasema mimi ni wa mjini, hayanihusu.

Baada ya kama saa moja na nusu baba wa Dar akanyanyua mguu, akautazama, akauweka pengine. Kiatu kilikuwa kimelowa. Nikatazama juu ya shamba nikaona maji yanakuja, membamba, ya kahawia, yanasukuma majani mbele yake taratibu. Na yule mshereheshaji wangu, ambaye sijui nimlaumu au nimpongeze, akapaza sauti, "Na maji mnayaona wenyewe! Maji mpaka kiwanjani!" Watu wakapiga makofi. Jamani, walipiga makofi!

Makofi hayajaisha, maji yenyewe yakafika. Yalikuja na njia yake ya siku zote, yakakuta njia imefukiwa na kushindiliwa vizuri, yakasimama kidogo, halafu yakaamua kupita popote. Viti vikaanza kuondoka na maji. Moto wa pilau ukazimika kwa mlio, sufuria likainama. Jenereta likakohoa likanyamaza na spika nazo zikafa katikati ya neno "fursa". Wageni wa maana wamepandisha suruali wanarukaruka kutafuta pakavu, mama mmoja amepanda juu ya meza ya usajili amekumbatia mkoba, na vijiti vyangu vya masale, vilivyokuwa havijashika mizizi, vinaelea kuelekea barabara kuu, kiwanja baada ya kiwanja.

Haya yote ningeyacheka siku ileile. Kilichonikata maini ni Zuhura. Alikuwa ameshaingia ndani ya maji kwenye namba nne, na gauni lake zuri la uzinduzi, anajaribu kunyanyua matofali ayapandishe juu. Tofali bichi likilowa halivunjiki, linarudi kuwa udongo mkononi mwako. Alinyanyua la kwanza likamponyoka vipande, la pili, la tatu, binti yake analia anamwambia mama acha, na yeye hajibu, anainama tu na kunyanyua. Nikamfuata nikamshika mkono. Aliutoa mkono wake kwenye wangu polepole, bila hasira, na hilo liliniumiza kuliko angenipiga kofi.

Watu wa msaragambo wakafika nyuma ya maji yao, kama arobaini hivi, majembe begani, walikuwa wanayasindikiza kutoka ndivani kuona yanapita wapi na yanakwama wapi. Wakaona yamekwama wapi. Mbele yao alikuwa Mzee Sefania, mgawa maji, ndiye anayepanga zamu ya kila shamba, mtu mfupi mwenye buti za mpira na simu shingoni.

"Shikamoo mzee," nikasema. Ndiyo, nikiwa na matope mpaka magotini nilimwamkia, tumelelewa.

"Marahaba." Akatazama shamba lote. "Masale ya mfereji yako wapi?"

Macho yote yakaenda kwenye kibao cha bluu kilichosimama peke yake katikati ya maji na jina langu.

"Kumbe ni wewe mama," akasema. "Nilimkuta kibarua wako stendi wiki iliyopita, nikamwuliza kuhusu hivi viwanja, akaniambia kibali kipo."

"Na wewe mzee hukuomba kukiona?"

Watu wakaguna. Najua, najua, mwenye kosa hajibu hivyo, lakini mdomo wangu ndio uliojenga duka na ndio ulionifikisha pale, ulikuwa hauwezi kunyamaza ghafla. Mwenyekiti wa kijiji akatokeza, na jembe lake, akasema, "Mama, maji haya yanakwenda kwenye mashamba ya kaya sitini huko chini. Na mfereji una hatua tano kila upande haziguswi, ziko kwenye sheria ndogo za kijiji, ndiyo kazi ya yale masale. Uliuliza wapi?"

"Sikuuliza," nikasema. "Nimekosa, nakubali mbele ya wote. Lakini mwenyekiti, gari la matangazo limepita mlangoni kwako siku tatu linaimba viwanja, viwanja. Wewe uliuliza wapi?"

Akakohoa. Akasema, "Tulijua wilaya wamekupa."

Mnaona? Mimi nilidhani kibali kitakuja, kibarua alidhani ninacho, mzee alimwamini kibarua, mwenyekiti aliiamini wilaya, wateja waliamini turubai, na Zuhura aliniamini mimi. Katika wote hao, mwenye haki ya kuamini bila kuuliza alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyebaki na udongo mikononi.

Mzee Sefania hakuwa na habari na hotuba zangu. Alinyoosha jembe lake, mpini kwangu. "Siku ya msaragambo hakuna mgeni," akasema. Basi nikavua viatu, nikachimba. Kuanzia hapo mmeona wenyewe kwenye video. Msichokiona ni kwamba tulichimba wote, arobaini na mmoja, mpaka maji yakarudi njiani mwake, na kwamba yule baba wa Dar aliyekuwa anarekodi aliambiwa na mama mmoja wa kijijini aweke simu mfukoni ashike sepetu, na akashika.

Wiki ile Same nzima ilinijua. Mteja ananunua kilo ya misumari anauliza na jembe mnalo, mama? Ndugu zangu wakanishauri niliuze lile shamba lilivyo, haraka, nirudi kwenye saruji yangu nisijaribu tena mambo ya watu. Sikuuza. Nilikosea, sikuiba, na kosa la mtu halifuti haki yake ya kujaribu tena kwa njia iliyonyooka. Alhamisi iliyofuata saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya ardhi. Afisa mipango miji alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu, akanitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena.

"Samahani mama, wewe ndiye wa…"

"Ndiye. Tuanze kazi."

Yule binti alinifundisha kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo kwa siku mbili. Kwamba barabara ina upana wake na haichaguliwi kwa macho. Kwamba lazima liachwe eneo la wazi. Kwamba lile ni eneo la kijiji na mkutano mkuu wa kijiji uridhie kwanza, watu wakae, wasikie, wanyooshe mikono. Kwamba mfereji na hatua zake kila upande haujengwi, hauuzwi, haupewi jina. Alipoweka kalamu kwenye kiwanja namba nne nilijua atakachosema. Upande wake mmoja ulikuwa ndani ya hifadhi ya mfereji, na uliobaki ulichukuliwa na barabara halali. Hapo hapajengwi nyumba kamwe, hata maji yasingekuja siku ile.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema kosa langu lote, pamoja na lile la kumfundisha kibarua uongo, na walionizomea niliwaacha wamalize. Halafu nikasema, nataka kuleta watu wajenge hapa, na nataka mfereji uendelee kupita, niambieni masharti. Wakaniambia: masale yarudi palepale kwa mkono wangu, na kila pembe ikilia niwe na jembe. Nimeyarudisha, yameshika. Na msaragambo nimehudhuria kuliko wengine waliozaliwa palepale (majina ninayo, sitayataja). Viwanja kumi na vinne viligeuka vinane. Vinane halali, vyenye bikoni za zege, na nilivinadi bila turubai.

Kiapo changu ni hiki: sitamwonyesha tena mtu mahali pa kujenga kwa kidole changu kabla mchoro haujapitishwa, hata awe mama yangu mzazi anafufuka. Lakini kuacha kuuza viwanja siachi, na anayesubiri niache atazeeka.

Zuhura alihama Desemba, mara ya saba, akaenda chumba kidogo zaidi mbali na soko. Nilimpa stoo yangu akae bure, akakataa. Dukani hakupita tena. Nilimwacha hivyo hivyo, maana sikuwa na la kumwambia ila maneno, na maneno yangu alikuwa ameshajenga juu yake mara moja. Michoro ilipopitishwa, kiwanja cha kwanza kuandikwa kilikuwa chake, cha juu, kikavu, mbali na mfereji. Nikasubiri mpaka karatasi yake ya umiliki ikatoka, yenye jina lake na muhuri wa halmashauri, ndipo nikampelekea ujumbe aje shambani.

Alikuja na binti yake. Tukasalimiana kama watu wa msibani. Nikampa karatasi. Hakukaa, alisoma amesimama, mstari kwa mstari, kidole kinafuata maneno, akauliza hili neno "makazi" maana yake nini hasa, nikamjibu, akauliza na huu muhuri ni wa nani, nikamjibu. Halafu akazunguka bikoni zote nne, kila moja akaisukuma kwa mguu kuona kama inatikisika. Hazikutikisika. Aliporudi macho yake yalikuwa na machozi lakini sauti ilikuwa kavu. Nikanyoosha mkono kuichukua ile karatasi nimtunzie kwenye faili dukani, kama ninavyowatunzia wengine.

Akaikunja akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Nakupenda, mwenzangu," akasema. "Lakini karatasi inakaa kwangu."

Nikamwambia ndiyo, ikae kwako.